Jeti Mbili Katika Bakuli Moja

Saa moja na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa gereji yetu ya Nkuhungu alinipa tochi na kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi.

"Soma namba."

Nikasoma: tisini na tano.

"Utaisoma kabla ya kuosha, utaisoma tena kabla ya kurudisha. Hapa hatumwamini mtu. Mteja anadanganya, muuza petroli anadanganya, na wewe nimekujua leo."

Kipande hicho ni jeti kuu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kina kitundu kinachopima petroli injini inapovuta kwa nguvu. Kitundu kikiwa kidogo mno, pikipiki itanguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ukiipandisha kilima na gunia nyuma inakata pumzi. Kikiwa kikubwa mno, inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta.

Baadaye nilihamia Ihumwa. Msimamizi wa karakana ya pale alikuwa hapokei maelezo ya dereva mpaka pikipiki ifungwe gunia la mchanga na kupandishwa mlima. Ikianza kukwama, anazima papo hapo na kufungua plagi. Nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi. Nyeusi yenye masizi, imezidi. Mengine nilijisomea mwenyewe.

Kijijini Busi nilikwenda nikiwa fundi pekee. Chama cha wakulima kilikuwa na pikipiki mbili: ya Meneja, yenye injini kubwa, na ya Idi, bwana shamba, yenye injini ndogo. Kabureta zao zilifanana, jeti zilitofautiana namba. Nilizifanyia sevisi zote siku moja. Miezi mitatu baadaye Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Fundi, yangu inakufa kilimani nikibeba mbegu. Ya Idi inamaliza lita saba kwa njia ya lita tano. Petroli yote anainunua yeye. Anaiuza, mimi ananichanganyia mafuta ya taa. Nimemkata mshahara mara tatu na hajakoma. Jumatatu nampa barua ya kumwachisha kazi."

Niliamini. Maelezo yalikaa sawa kupita kiasi, na hilo halikunishtua. Nilimkuta Idi uani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Petroli unanunua wapi?"

"Pale pale unaponunua wewe. Au na wewe umetumwa kuninusa?"

Nilidondosha petroli ya tangi la Meneja kiganjani. Ikakauka bila kuacha utelezi, maana yake haikuwa na mafuta ya taa. Bado nikamshuku: huenda alijua nakuja, akabadilisha.

Nikafunga gunia la mchanga kwenye pikipiki ya Meneja. Ikakwama katikati ya kilima. Plagi ilikuwa nyeupe. Nikapanda ya Idi kwa gunia lile lile. Plagi ilikuwa nyeusi. Nikakaa chini. Petroli ilitoka dumu moja. Isingeweza kupungua huku na kuzidi kule.

Nikafungua kabureta zote mbili na kuwasha tochi. Ya Meneja, iliyotakiwa kuwa na mia na kumi, ilikuwa na tisini na tano. Mia na kumi ilikuwa kwa Idi. Siku ya sevisi niliziosha katika bakuli moja, nikazirudisha bila kusoma.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Ningeweza kuzibadilisha kimya kimya na kusema nimerekebisha, na Idi angebaki mwizi. Nilizishika mkononi kwa muda, kisha nikaenda kumwambia Meneja.

Alinitazama sana. "Idi amekupa kiasi gani useme hivyo?"

Nikambadilishia mbele ya macho yake, namba akazisoma mwenyewe. Nikamfungia magunia mawili. Alipanda kilima, akarudi bila injini kuzima, akaingia ofisini. Alitoka na ile barua, akampa Idi aichane. Kuhusu mshahara uliokatwa alisema kosa la fundi si la chama.

Sasa nimepumzika. Macho hayasomi tena namba za jeti, hata kwa tochi, na nilipoona hivyo niliacha kazi wiki ile ile. Vijana huniuliza kwa nini nilimshuku kila mtu. Nawaambia niliruka mmoja, yule aliyeshika bakuli.

Idi nilimlipa makato yote matatu kutoka mfukoni mwangu. Alizihesabu noti mara mbili mbele yangu, moja moja akiziinua kwenye mwanga, na sikuwa na la kumlaumu. Zilikuwa shilingi elfu tisini na sita.