Nilisema Simjui

Mjukuu wangu, ninaikumbuka vizuri asubuhi ile mkuu wa shule yetu, Papa Prefe kama tulivyomwita, aliponiita biro, yaani ofisini kwake. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, hapa hapa Kalemie. Akanionyesha msichana mdogo wa Zongwe, kijiji cha kando ya ziwa, jina lake Anselma, aliyeanza mwaka wa kwanza juma lile.

"Huyu njo mudogo wako sasa. Atembee na weye mupaka azoee."

Nikaitika. Kazi ileile uliyopewa wewe jana.

Wiki mbili tulikula mihogo pamoja kila mapumziko. Aliongea taratibu, na lafudhi yake ya kijijini iliwachekesha wenzangu. Siku moja wakamzunguka karibu na bomba, wakamnyang'anya daftari, wakamsukuma akaanguka matopeni. Akainua kichwa, akanitafuta. Macho yake yakanipata.

Solange, rafiki yangu wa benchi, akaniuliza, "Unamujua ule?"

"Hapana, simujui." Nikacheka nao.

Kesho yake hakuja. Alikuwa amepanda boti kurudi kwao, na shuleni hakuonekana tena. Hakuna aliyeniadhibu. Lakini mwaka ule wote, katikati ya marafiki watano, nilikuwa peke yangu.  

Nilikuwa na wajukuu tayari nilipofika Zongwe kwa msiba, nikamkuta Anselma akianika dagaa. Nilimwomba msamaha. Hakuacha kazi yake.

"Wenye walinisukuma, hata majina nimesahau," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia weye."

Kisha akaniletea kiti. Tulikaa mpaka saa ya boti. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza tena.

Basi, mwanangu, sikutumi ukapigane. Mtoto akizungukwa, nenda usimame karibu naye, umwite kwa jina lake wote wasikie. Ukiogopa, simama hivyo hivyo. Mwambie mwalimu siku ileile. Na yule anayepiga wenzake, mtafute akiwa peke yake, umuulize nyumbani wanaishi vipi. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Huenda rafiki zako wakakutenga kwa ajili hiyo. Utaumia, lakini utapata wengine. Mimi nilibaki na wangu wote, na bado naumia.

Mungu akupe sauti saa utakapoihitaji, na wadogo wote uliokabidhiwa wamalize masomo yao. Nenda, mama, kengele isikukute njiani.