Mawimbi ya Kaskazini

Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa na kazi ambayo hata msibani watu walishindwa kuieleza. Huyu alisema marehemu alikuwa mtu wa redio, yule akasema wa hali ya hewa. Kumbe alikuwa akisikiliza anga.

Nyuma ya ofisi yake kulikuwa na uwanja wenye uzio, na ndani yake antena mbili kubwa za waya zilizokatana, na nguzo katikati. Zilinasa mawimbi yanayozaliwa mbali juu ya mawingu, kule ambako gesi nyembamba yenye umeme imeshikwa na sumaku ya dunia. Nguvu ya sumaku hiyo hujipinda kutoka upande mmoja wa dunia hadi wa pili kama mkono wa kikapu, na mengi ya mawimbi hayo huufuata mpindo huo. Yakipitishwa kwenye spika, hulia kama ndege wa alfajiri. Siku ya kwanza Shangazi alifungua dirisha kuwatafuta ndege wenyewe.

Kila asubuhi alitazama mshale wa mashine unaoonyesha mwelekeo wa mawimbi, akaandika: ya kaskazini, au ya kusini. Mashine ile kuukuu ilihifadhi sauti tu; mshale ulipita ukapotea, yakabaki maneno aliyoandika. Siku yake ya ibada zamu ilishikwa na mwenzake, fundi aliyebandikwa jina la Koleo kwa kuwa hakuachana na koleo hata akila.

Basi asubuhi moja akaja mtaalamu kutoka chuo kikuu, binti mpole, uso umemsawajika.

"Mama, sijui nianzie wapi," alisema. "Mawimbi yenu yanageuka. Siku zote ni ya kaskazini, halafu siku moja ya wiki ni ya kusini. Wakubwa wanasema antena zenu ni mbovu. Nisipopata sababu leo, kazi yenu yote inatupwa."

Shangazi aliweka kalamu chini. Miaka yake yote itupwe kama maganda?

"Siku gani hiyo?" aliuliza.

Mtaalamu alimwonyesha kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Ilikuwa siku ya ibada.

"Si nilikwambia!" Koleo alidakia. "Hata mawimbi yana dini. Wewe tu ndiye uliyekuwa unadhani unakwenda kusali peke yako."

"Koma wewe," Shangazi alimkemea. Lakini alikuwa mtu wa sala, naye aliamini Mola hashindwi kugeuza kitu. Kwa kitambo alijiuliza: je, ikiwa ni kweli? Akatamani iwe kweli. Kisha akaona aibu kumsingizia Mungu kabla hajakagua nyaya.

Wakakagua. Walizunguka uwanja mzima, Koleo akibana hiki na kile, jua likiwachoma utosini. Nyaya zilikuwa nzima. Walirudi ndani wametota jasho.

"Tuandike ya leo basi," Shangazi alisema kwa unyonge, akitazama mshale. "Haya. Ya kaskazini."

"Ya kaskazini wapi?" Koleo alishangaa. "Mshale si huo unatoka kusini?"

"Ndiyo, unakwenda kaskazini. Ya kaskazini."

"Dada, tangu lini? Upepo wa kaskazini unakwenda kaskazini?"

"Na basi la kaskazini je, linatoka kaskazini?"

Baba yake Shangazi alikuwa mkata tiketi wa mabasi. Koleo alilelewa shambani, kwa watu wa kutazama upepo. Wakabaki wanatumbuliana macho. Mtaalamu ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo hayakugeuka," alisema akijipangusa machozi. "Mmegeuka nyinyi!"

Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamchapa Koleo kanga begani. Wakaketi kurekebisha: zamu za Shangazi wakaongeza neno "yanakwenda", za Koleo "yanatoka". Siku za ibada zikanyooka, moja baada ya nyingine, zikalingana na nyingine zote. Hakukuwa na kitu cha kutupwa.

Ila siku moja iligoma. Ilikuwa ya Koleo, naye aliandika ya kaskazini. Mwanzo ndiyo pekee ya kwake iliyoonekana sawa. Sasa ndiyo pekee iliyokwenda kinyume.

"Ulikosea hapa?" Shangazi aliuliza.

"Nilitazama mara mbili. Yalitoka kaskazini kweli. Nikaona haya kukuuliza, ungenicheka."

Mtaalamu aliacha kucheka. Aliusogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Siku hii kulikuwa na nini huko juu?" alisema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe.

Shangazi alivuta kiti, akaitafuta sauti ya siku ile, akaongeza sauti ya spika.

"Nyamazeni," alisema. "Tusikilize."