Shehe aliyekwenda Ruaha Mbuyuni na habari asiyoruhusiwa kuisema

Saa nane mchana, Mlima Kitonga umeziba. Lori la mbao limekatika ekseli kwenye kona, na nyuma yake magari yamejipanga hadi macho yasipofika. Madereva wameshuka. Wengine wamekaa kivulini chini ya matrela yao, wanatafuna mahindi ya kuchoma.

Ndani ya gari dogo la bluu, Ustadhi Junaid Kudra hatulii. Pembeni yake yuko Koplo Esnath, askari wa kike aliyevaa gauni la kiraia. Wote wawili wanaitazama picha iliyoingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla hawajaondoka Iringa. Askari wa usalama barabarani amelala kifudifudi kando ya lami, huko Mbeya. Uso wake hauonekani. Mgongoni, kwenye kizibao cha njano kinachong'aa, limeshonwa jina kwa uzi mweusi: SOSTHENES.

Mke wa Koplo Sosthenes, Benedicta, yuko chini ya mlima huu, Ruaha Mbuyuni, ananunua vitunguu vya kupeleka Mbeya. Naye ana simu.

"Akiifungua kabla hatujafika?" anauliza Esnath.

"Ndiyo maana tunashuka hapa," anajibu Junaid, mlango tayari ameufungua. "Tafuta bodaboda mbili, dada. Gari tuliache kwa huyu dereva wa nyuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali mwaka jana, siku ambayo Junaid mpaka leo akiisimulia huweka kikombe cha chai chini kwanza.

Junaid, mwenye umri wa miaka 46, ni mfanyabiashara wa vitenge mjini Iringa. Babu yake alitoka Bagamoyo na mzigo wa nguo, akalowea mtaa wa Miyomboni. Lakini wiki nzima haipiti bila yeye kumwachia mkewe, Nasrin, duka na kwenda kwenye kota za polisi. Huko anafahamika kama mlezi wa kiroho, mtu wa dini anayewasikiliza askari na familia zao, wawe wa dini yake au la, na anayetumwa panapotokea msiba. Hana mshahara wala posho, na mafuta ya gari anajaza mwenyewe.

Kilichomsukuma ni kifo cha baba yake, aliyekuwa askari.

"Nilikuwa darasa la tano. Tumesimama mstarini asubuhi, mwalimu mkuu anatangaza habari za usafi, mara akasema, 'Junaid, chukua mkoba wako uende nyumbani, baba yako hatunaye tena,'" anasimulia. "Akaendelea na usafi. Mimi nikabaki natafuta mkoba, na mkoba nimeuvaa mgongoni."

Alipoanza kujitolea, aliamini kwamba moyo na elimu ya dini vinatosha. Haukupita muda akaambiwa kuna mafunzo yanayoendeshwa na kamati ya pamoja ya viongozi wa dini, na kwamba bila hayo asingeendelea. Akakaa darasani Iringa na wachungaji, masista na mashehe wenzake. Walifundishwa namna ya kukaa na askari aliyetoka kuokota maiti za ajali, siri ya mtu inaishia wapi, na maneno gani hayasemwi mbele ya mfiwa.

Baada ya darasa, mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi kwa miezi kadhaa, kisha husimama mbele ya jopo. Akipita, hupewa cheti na kitambulisho cha kudumu. Kabla ya hapo haruhusiwi kwenda kwenye familia yenye msiba bila msimamizi wake kuwepo.

Siku ile ya Kitonga, Junaid alikuwa bado mwanafunzi. Msimamizi wake, Mchungaji Tupokigwe, alikuwa Mbeya, zaidi ya saa sita kwa barabara. Ndiye aliyempigia simu.

"Ustadhi, picha imeshasambaa. Wanasema ni Sosthenes, lakini hakuna aliyeuona uso, na simu yake haipatikani. Mimi naingia chumba cha maiti na mkuu wa kituo kuhakikisha. Benedicta yuko Ruaha Mbuyuni. Huko jirani sina mwingine."

"Mchungaji, utaratibu unaujua."

"Naujua. Hata wewe unaujua. Nikisema usiende, yule mama ataiona picha peke yake katikati ya wapakizi. Ukienda, tutajibu wote wawili. Ila usiseme neno mpaka nikuthibitishie. Sikia vizuri: neno lolote."

Ndipo akamchukua Esnath, kwa kuwa kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, wakaondoka.

Bodaboda ziliwapenyeza katikati ya malori mpaka bondeni, kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Walimkuta Benedicta uani kwa muuzaji, ameshika sindano ya magunia, anashona mdomo wa gunia la vitunguu. Wapakizi waliomzunguka kila mmoja alikuwa anatazama pembeni. Junaid akajua wao wameshaiona.

"Kamwene, mama. Wewe ndiye Benedicta, mke wa Koplo Sosthenes?"

"Ndiye. Karibuni." Akafuta mikono kwenye khanga. "Hii simu inatetemeka mfukoni tangu muda ule, mikono yangu michafu. Kuna nini?"

Junaid akajitambulisha, akamtambulisha na Esnath, akamwomba wakae. Benedicta hakukaa. Aliitoa simu, akaifungua, akatazama. Vidole vyake vikapita juu ya kioo, pale penye jina.

"Hili jina nimelishona mimi," alisema.

Akamgeukia Junaid.

"Shehe, ni yeye?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Umetoka Iringa kuja kuniambia hujui?"

"Nimekuja usikae peke yako wakati tunatafuta. Kuna mchungaji yuko hospitali Mbeya saa hizi. Akijua, nitajua. Nikijua, utajua. Habari ya mumeo sitakuficha."

Mzee mmoja mwenye magunia yake akasogea, kofia mkononi. "Pole sana, mwanangu. Bwana alitoa na Bwana..."

"Mzee wangu, samahani," Junaid akamkata. "Hapa hakuna msiba uliothibitishwa."

Anakiri kuwa hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote alivyopata kupitia. Moyoni aliamini kwamba Sosthenes amekufa. Jina lilikuwa pale, simu haipatikani, wenzake wote wanasema. Na mama mwenyewe alikuwa akimsihi: "Sema tu, shehe. Kama ni yeye sema, nianze kulia. Hivi nilivyo nashindwa hata kupumua."

"Neno lilikuwa tayari mdomoni," anasema. "Nilitaka kumpunguzia mateso. Niliona kama kunyamaza ni ukatili."

Benedicta akarudi kwenye gunia lake, akaendelea kushona. Junaid akapiga magoti, akaukusanya mdomo wa gunia ili sindano ipite. Esnath akashika upande wa pili. Walikuwa hivyo, watu watatu na gunia moja, simu ya Junaid ilipoita.

Sauti ya Mchungaji Tupokigwe ilikuwa chini. "Si Sosthenes. Sosthenes yuko hai, nimemwona kwa macho yangu, simu yake imeisha chaji. Palitokea ajali ndogo, akamkimbiza majeruhi hospitali, kizibao akamwachia mwenzake, Edmund, aongoze magari. Lori likakosa breki. Aliyefariki ni Edmund. Mkewe, Eveline, bado hajui. Natoka hapa naenda kwake. Jina lisitoke kwako, Ustadhi."

Junaid akageuka. "Mama Benedicta, mumeo ni mzima. Ameonekana hospitali, alimpeleka majeruhi. Simu yake imeisha chaji."

Benedicta akaanguka juu ya vitunguu, akacheka, akalia. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wapakizi wakapeana mikono kama waliofunga goli. Kisha, taratibu, Benedicta akainuka.

"Kizibao cha mume wangu alikivaa nani?"

"Siwezi kusema."

"Ulisema hutanificha."

"Nilisema habari ya mumeo."

"Ni Edmund? Huwa wanapangwa pamoja. Shehe, ni Edmund?"

Junaid akaukaza uso. Hakutikisa kichwa wala hakuinamisha macho. Mara simu ya Benedicta ikaita. Kwenye kioo paliandikwa Eveline.

Wanawake hao wawili wanaishi ukuta kwa ukuta kwenye kota. Siku hiyo Eveline ndiye aliyebaki na watoto wa Benedicta. Alikuwa ameiona picha, amelisoma jina, na sasa alikuwa anampigia shoga yake kumpa pole.

"Anapiga kunifuta machozi mimi," alisema Benedicta, akiitazama simu inavyoita.

"Nakuomba usipokee, mama," alisema Junaid. "Nakuomba sana."

Angeweza kupokea. Na angesema nini? Kwamba Sosthenes ni mzima? Eveline angeuliza swali lilelile. Benedicta alimtazama Junaid, na Junaid anaamini kuwa hapo ndipo alipoelewa kila kitu bila kuambiwa. Akamkabidhi Esnath simu, akageuka, akaziba masikio kwa viganja viwili. Simu ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena.

Ujumbe wa Mchungaji Tupokigwe ulipoingia ulikuwa mfupi: "Ameambiwa. Niko naye." Ndipo Junaid akalitaja jina la Edmund. Benedicta hakushangaa. Aliomba apelekwe Mbeya. Vitunguu vilibaki uani kwa muuzaji, naye akaondoka kwa basi la kwanza lililopita mlima ulipofunguka, Esnath kando yake.

"Nililala kwa Eveline mpaka tulipomaliza matanga," Benedicta aliliambia gazeti hili. "Aliniuliza kwa nini sikupokea simu. Nilimweleza ukweli. Aliniambia, 'Afadhali nilisikia kwa mchungaji, amenishika mkono, kuliko kusikia kwenye furaha yako.'"

Jopo lilipoketi, Junaid aliulizwa kwa nini alikwenda bila msimamizi. Alieleza. Wajumbe hawakumsifu. Walimnyima cheti, wakamrudisha kwenye mazoezi kwa miezi mingine, na Mchungaji Tupokigwe akapewa onyo. Nasrin alikasirika, akamtaka arudi dukani moja kwa moja.

Yeye mwenyewe hakukata rufaa. "Walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeshamzika Sosthenes moyoni. Zingepita dakika chache zaidi, huenda ningesema. Na mwingine atakayeruka utaratibu kwa sababu Junaid aliruka, yeye atasema."

Alirudia mazoezi yote. Mwezi uliopita alisimama tena mbele ya jopo, safari hii akapita.

Sasa anazungumza na viongozi wa dini wa Idodi na Makongolosi, ambako askari hawana mlezi aliyesomea, ili wapatikane wawili kila mahali, mwanamume na mwanamke. Lakini kitambulisho kimemletea tatizo ambalo darasani hawakumfundisha. Wake za askari wakimwona nacho kota, wanafunga milango.

Siku ya Idi alipeleka pilau kwenye kota za Iringa. Mama mmoja alichungulia dirishani, akaona kitambulisho kifuani, akapiga yowe kabla Junaid hajabisha hodi.

"Ilinibidi nipaze sauti pale uani, 'Salama, mama! Ni pilau tu!'" anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Nataka niende kwao mara nyingi bila habari yoyote. Kwenye ubatizo, kwenye maulidi, hata kuwauliza tu wameamkaje. Niende mpaka watoto wao wazoee kunikimbilia."

Jumamosi hii amealikwa kwenye kipaimara cha mtoto wa Koplo Esnath. Anasema atafika mapema kuliko padri.