Jumuiya Ilipoikuta Nyumba Imenuna

Jumamosi iliyopita, kwenye sala ya jumuiya yetu huku Butimba, mtoto mmoja mdogo alinyoosha mkono wakati wa maombi. Kabla hajafungua kinywa, mama yake alimziba kwa kiganja. Watu wakacheka, kiongozi akaendelea na nia nyingine, na sala ikaisha salama. Mimi nilicheka pia, lakini masikio yangu yalipata moto kama ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa bado nayasikia yakichoma. Nikajua kwamba yale ya kwetu Ilemela hayajaniacha, ingawa nina wajukuu sasa.

Kama hujawahi kuwa kwenye jumuiya, rafiki yangu, niruhusu nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa aibu yetu ilikuwa na ukubwa gani. Jumuiya ni kaya chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu ikifika kwako, majirani wote wanaingia sebuleni kwako. Wanaona kiti kilichovunjika mguu, wanaona pazia, wanaona na nyuso zenu. Baada ya somo, kila anayetaka anataja nia yake kwa sauti, mkubwa kwa mdogo, kisha anamalizia, "Ee Bwana," na wote wanajibu, "Twakuomba utusikie." Hakuna anayeuliza kama nia hiyo inafaa. Ukishasema "Ee Bwana", watu lazima wajibu.

Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani, imejibanza kati ya mawe mawili yaliyoizidi urefu. Moja tulianikia nguo, jingine mama alianikia michembe, vipande vya viazi vya kukausha, ambayo alifundishwa kuitengeneza na jirani Msukuma, kwa sababu kwao Kagera walikuwa watu wa ndizi. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa na fimbo kivulini na kuwafukuza kuku wasipande kula. Jiwe lilikuwa likipata joto hadi unalisikia kwenye nyayo, na chini kabisa, katikati ya mapaa ya bati, ziwa lilionekana kipande kama kanga iliyoanikwa. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani zilipita karibu sana. Ikipita wakati wa sala, bibi alinyamaza katikati ya Salamu Maria, akaisubiri iishe kunguruma, kisha akaendelea palepale alipokuwa ameachia.

Bibi huyo, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa dini na wa maisha. Asubuhi, kabla uji haujamiminwa, alimuuliza kila mtu swali moja: "Leo unafanya nini, na unamfanyia nani?" Ilikuwa lazima ujibu yote mawili. Mimi nilisema nateka maji, namfanyia mama. Mama alisema anapika, anawapikia wote. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato, na nguo zake hazikuacha kunuka mbegu zilizokaangwa. Yeye alipenda utani. "Leo nabeba magunia, mama. Naufanyia mgongo wangu ubaya." Bibi alimwangalia mpaka akajibu vizuri.

Jioni lilikuja swali la pili: nani amemkosea nani. Ulilisema mbele ya huyo uliyemkosea, naye alikujibu, ndipo taa ikashushwa. Bibi alikuwa akikumbusha maneno ya mtume, kwamba jua lisituchwee tukiwa na hasira. Alisema hasira ni kama dagaa mbichi: ukiilaza ndani, asubuhi nyumba nzima inajua. Na kuhusu kusali alikuwa na somo lake moja, ambalo alilirudia mpaka tukalishika: "Sala ya jumla ni salamu ya barabarani. Taja mtu, taja shida. Mungu hana haja ya kukisiwa-kisiwa." Ukisali, "Ee Mungu, tubariki sote," alikusimamisha. "Sote kina nani?"

Basi ilitokea kwamba babu mzaa mama alifariki kule Kagera. Mama alipanda meli ya Bukoba usiku uleule akiwa na mdogo wangu mgongoni. Baba alisema atamfuata kiwanda kikimpa ruhusa. Hakumfuata. Babu akazikwa, matanga yakaisha, mkwe hakuonekana. Wewe unayejua msiba wa kwetu unajua maana yake. Mkwe asiyefika kumzika baba mkwe hasemwi siku ile tu. Mama aliporudi alikuwa amekonda, lakini hakusema neno baya. Alikuwa amekubali kwamba kiwanda kilikataa.

Siku chache baadaye mfanyakazi mwenzake baba alikuja kutoa pole. Alikunywa chai, akapiga magoti mbele ya msalaba, kisha akasema kwa wema kabisa, "Shemeji, sisi tulishangaa. Jamaa hata ruhusa hakuomba. Tulimwambia nenda, tutakuzibia zamu, akasema hapana." Kikombe cha mama kilibaki hewani. Baba aliangalia viatu vyake. Kuanzia jioni ile nyumba yetu ilinuna.

Hawakugombana, na afadhali wangegombana. Mama aliacha tu kusema na baba, na baba, badala ya kuuliza, naye akanyamaza. Mimi nikawa njia yao. "Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo." "Mwambie mama yako nimesikia." Nao wamekaa hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja ananiangalia mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikajifunza kuyatengeneza maneno njiani. Mama akisema, "Mwambie chakula chake kile," mimi nilifikisha, "Baba, mama anasema karibu chakula, tafadhali." Ile tafadhali ilikuwa yangu. Baba aliijua, kwa sababu alikuwa akitabasamu kidogo kwa huzuni, na kutabasamu kwake kulinifanya nione aibu kuliko kama angenipiga.

Swali la jioni nalo likafa. Bibi aliuliza, nani amemkosea nani, na kila mtu akasema sina neno. Bibi alisubiri. Taa ilikuwa ikilia kwa kuishiwa mafuta. Kisha aliishusha mwenyewe bila kutubariki, na nadhani hiyo ndiyo sala fupi kuliko zote zilizowahi kusaliwa Ilemela. Shuleni nilianza kuwakataza rafiki zangu wasije kucheza kwetu. Niliwaambia mbwa wetu ni mkali. Hatukuwa na mbwa.

Ndipo zamu ya jumuiya ikatufikia. Nilikuwa nyuma ya jiwe nikifukuza kuku, mama na bibi wakichambua maharage upande wa pili, nikamsikia mama akisema, "Mama, nangoja jumuiya ipite tu. Sitaki kuwaaibisha. Jumatatu napanda meli narudi kwetu, na sikudanganyi, sijui kama nitageuza."

Bibi aliacha kuchambua. "Yaani unangoja wageni waondoke ili nyumba ivunjike kwa heshima?"

"Kwani ilivyo sasa ni nyumba, mama?"

Nilihesabu: kesho Ijumaa, keshokutwa jumuiya, halafu Jumapili, halafu sina mama.

Jumamosi hiyo tulipiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Baba aliazima mabenchi kwa jirani, mama alitandika kitambaa cheupe cha mezani, wakasaidiana kulisogeza kabati pasipo kusema, kila mmoja akisoma mikono ya mwenzake. Kulikuwa na chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha, na karanga kwenye ungo. Majirani waliingia na salamu zao za Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mama muuza dagaa mwenye sauti ya kuita mtumbwi. Alipoketi benchi lililia. "Msiogope," akasema, "nikianguka mtaniinua, ndiyo maana ya jumuiya." Watu wakacheka. Baba akacheka, mama akacheka. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati yao, nikaona kwamba wanacheka kwa pamoja bila kuangaliana, na kwamba majirani wote wataondoka wakidhani kwetu ni kwema.

Maombi yakaanza. Mmoja alimwombea mwanae mwenye homa. Mwingine aliombea mvua. Baba aliombea amani duniani, Ee Bwana. Twakuomba utusikie. Nikamgeukia bibi nione kama atamsimamisha kwa sala ya jumla. Hakumsimamisha. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikasimama. Niliunganisha viganja kama nilivyofundishwa, nikataja mtu, nikataja shida.

"Tumwombee baba yangu na mama yangu, ambao hawaongei, wanaongea kupitia kwangu. Baba hakwenda kumzika babu na hakuomba ruhusa. Tumwombee mama asipande meli Jumatatu. Na mimi nimechoka kuwapelekea maneno. Ee Bwana."

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Nje kuku alikuwa akidonoa michembe na hakuna aliyemfukuza. Nilidhani nimekosea mahali kwenye maneno, kwa hiyo nikarudia, kwa sauti zaidi, "Ee Bwana."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa chini kuliko ile ya kuita mtumbwi. "Twakuomba utusikie." Wote wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama hakuitikia. Baba aliitikia wa mwisho, peke yake, baada ya wenzake kumaliza. Ndipo nilipoziona nyuso, na nikaelewa nilichofanya. Joto lilianzia shingoni likapanda. Nilitamani sakafu tuliyoisugua inimeze.

Kwenye kupeana amani, baba alimfikia mama, akampa mkono, akasema, "Amani ya Kristo." Mama akaupokea jinsi unavyompokea mgeni usiyemjua. Majirani walikuwa wakiangalia dari, ambayo haikuwa na chochote cha kuangalia. Chai ilinywewa haraka. Viazi vilibaki. Mwenyekiti alipotoka alinishika shavu, na hilo pia liliniumiza.

Mlango ulipofungwa, baba alinigeukia. "Umetuvua nguo mbele za watu. Umetuvua nguo, mtoto wewe!"

"Mwache," mama akasema. "Hajamvua mtu. Tulikuwa uchi siku nyingi, sisi ndio tuliokuwa tukijifanya tumevaa."

"Mimi naongea na mtoto."

"Na mimi naongea na wewe."

Wote wawili wakashtuka. Bibi alikuwa akikusanya vikombe. Hakugeuka. "Endeleeni," akasema, "msinyamaze sasa."

Mama akamuuliza, mwenyewe, bila kupitia kwangu: kwa nini hukuja? Baba alikaa kwenye benchi la kuazima. Alianza mara kadhaa. Mwishoni akasema kwamba mkwe haendi kwenye msiba kama mtalii. Kwamba shemeji zake wengine wangefika na mbuzi, na pombe, na sanda, na yeye wakati ule hakuwa na kitu kabisa, na aliona aibu kusimama mbele ya ukoo mikono mitupu. Na baada ya hapo aliona aibu kusema kwamba aliona aibu.

Mama alikaa chini mkekani. "Nani alikuambia walikuwa wanangoja mikono yako?" Akaushika ukingo wa mkeka. "Kila gari likisimama nilikuwa natoka nje. Walikuwa wananiuliza, mume wako yuko wapi. Hawakuniuliza, amebeba nini."

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilitoka nje kwa aibu, nikaenda kukaa kwenye jiwe ambalo lilikuwa bado na joto la mchana.

Meli ilipandwa, lakini tuliipanda sote, baba akiwa ameomba ruhusa kiwandani. Alikwenda kwenye kaburi la baba mkwe akiwa hana kitu mkononi zaidi ya kofia yake, akaomba msamaha mbele ya wakwe waliosimama wakimwangalia. Walimsema. Walimsema sana, mpaka mimi nikajificha nyuma ya migomba. Kisha wakampa kiti na sahani ya ndizi na maharage. Usifikiri kwamba baada ya hapo baba na mama hawakununiana tena. Walinuniana, kwa siku moja, kwa mlo mmoja. Lakini hawakunituma tena.

Nimekueleza haya si kwa sababu nayaonea fahari. Nikikutana na majirani wa zamani bado nainamisha macho. Ila kama kwenu pia kuna mtu ambaye maneno yake yanakufikia kupitia kinywa cha mtoto, usikate tamaa, na usingoje upate maneno mazuri. Kwetu neno la kwanza lilikuwa la ugomvi, na lilitosha.

Bibi ametangulia, baba naye. Mawe yale yamepasuliwa kokoto, pamejengwa ghorofa la watu nisiowajua. Mama ninaye, hapa Butimba, na swali la jioni tunaliuliza mara mojamoja tukikumbuka. Wiki hii nilimuuliza mimi: leo nani amemkosea nani, mama? Alikuwa akikunja kanga yake magotini.

"Zile wiki," akasema. "Mpaka leo nazionea aibu. Nilimnunia mtu kana kwamba nitakuwa naye milele." Akaikunjua kanga, akaanza kuikunja upya. "Siku hizi hata wa kununa naye sina."