Sauti Iliyonaswa Safi

Jumamosi niliirekodi bendi ya harusi, watu watatu, ikifanya mazoezi sebuleni kwangu mtaa wa Iftin. Studio ilikuwa magodoro mawili yaliyoegemezwa dirishani na simu moja juu ya mto. Mara ngoma ifunike kinanda, mara jogoo wa jirani awafunike wote.

Adhana ya alasiri ilipoanza, walinyamaza katikati ya wimbo wakaenda msikitini. "Tangulieni, nawafuata," nikasema. Sikuwafuata. Nilipiga soga na rafiki kwa kabambe, simu yangu ya pili, nikasahau kwamba ile ya kwanza bado inarekodi.

Waliporudi tukaketi kusikiliza. Wimbo ulivuma kama unatoka ndani ya pipa, nikailaumu simu na magodoro, ikafuata adhana, kisha sauti yangu: "Wameenda kuswali, mimi nimewakwepa. Yule mzee angestaafu tu, koo limekwisha."

Niliirukia simu, lakini mwimbaji mwenyewe, mzee wa ndevu za hina, akaufunika mkono wangu kwa kiganja chake. Tukasikiliza mpaka mwisho. Mpiga kinanda alikuwa akikagua vidole vyake vya miguu.

"Walaal, ndugu yangu," mzee akasema taratibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, "usilaumu fifaa fyako. Hii imetoka safi kabisa." Akatazama saa. "Wakati bado uko. Nenda uswali, tutakungoja."

Afadhali angenitukana, matusi ningeyajibu. Niliswali chumba cha pili, na muda wote nikawasikia ukutani wakinyamaza ili wasinisumbue.