Mchumba wa Mama

Mchumba wa mama yangu alikuwa mzungu mwenye mvi, mhandisi wa meli, aliyefiwa na mke. Katika picha alikuwa na meno meupe mno na mbwa mkubwa. Kila jioni, kuku wa mtaa wetu wa Free Area wakianza kutafuta pa kulala, simu ililia na mama akafuta mikono kwa aproni.

"Soma. Anasemaje?"

"Anasema, habari ya jioni malkia wangu. Moyo wangu unakungoja."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba maneno yale yaliandikwa na kaka yangu.

Kaka alikuwa na diploma ya kompyuta na kibanda cha kutengeneza simu. Ajenti aliyemtafutia kazi ng'ambo, ya kuhudumia wateja kwa simu, alikuja kwetu akasali nasi kabla ya kunywa chai. Alilipa kila kitu: pasipoti, viza, tiketi, hata nyama choma ya kuagana kwenye hoteli za Kikopey. Majirani walisema tumebarikiwa. Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe angelipwa na nani.

Kaka alitupigia mara moja tu, kwa simu ya kuazima, akinong'ona.

"Niliuzwa, sista. Yule jamaa alilipwa juu ya kichwa changu. Nikitaka kutoka, nirudishe hiyo bei, na kila sahani ninayokula wanaiongeza hapo. Kazi ni kutongoza watu kwa simu hadi watoe pesa. Kuna mtu nyuma yangu anasoma kila kitu. Usipopata wa kukujibu, unachapwa. Mfungulie mathe akaunti kwa mtandao wa kutafuta wachumba, awe mjane mwenye shamba. Weka picha ya yule kuku wa karai, nitamjua. Mnijibu tu. Msinitaje."

Kuku wa karai alikuwa kuku wetu mwekundu aliyekataa banda akaamua kulala ndani ya karai la kuchanganyia simiti. Siku chache baadaye mzungu akatuandikia: "Kuku wako mzuri. Bado analala vizuri?"

Tulienda polisi. Afisa alitusikiliza kwa upole, akauliza kama kaka alilazimishwa kupanda ndege. Hapana. Alisaini mwenyewe? Ndiyo. Na kazi anayofanya huko?

"Anadanganya watu," nikasema.

Mama akainama mezani. "Kwa hivyo, afande, huyu mtoto wangu ni mali imeibwa ama ni mwizi?"

"Mathe, kwa karatasi anaweza kuwa vyote viwili."

Basi tukarudi nyumbani kuendelea kuchumbiwa. Mama alisema, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Mzungu alipotaja biashara ya kuzidisha pesa, mama alimwambia angoje auze viazi. Kwa mabosi wa kaka, mteja anayekaribia kutoa pesa ni bora kuliko aliyenyamaza. Tulijua kwamba kila "ngoja kidogo" yetu ilimpa kaka siku nyingine bila kipigo. Mimi huandika riwaya, nimezoea kuvalisha watu sauti zisizo zao, lakini nilifuta mara mbili kabla ya kutuma kila nilipomwandikia ndugu yangu "mpenzi". Na kila jioni, kabla ya kuaga, aliuliza habari za kuku.

Halafu ikaja jioni moja ukungu umeteremka kutoka mlima Menengai hadi kwenye ua wetu.

"Habari ya jioni malkia wangu. Moyo wangu unakungoja."

Maneno yaleyale. Tukangoja. Hakuuliza.

"Mwambie kuku bado hajalala," mama akasema.

Jibu likaja mara moja: "Nawapenda kuku sana, malkia wangu. Hasa wa kukaanga."

Yule mzee alitutazama kutoka kwenye picha, meno yaleyale, mbwa yuleyule. Nje nilisikia kuku akipanda karai, kucha zikikwaruza bati.

"Si yeye," mama alisema.

"Nizime?"

"Usizime!" Alivuta kiti akakaa karibu nami, akamtazama yule mzungu kana kwamba ameingia mlangoni akiwa amelowa. "Huyo pia ako na mtu nyuma yake anasoma. Muulize kama amekula."

Nikaandika. Chini ya picha ikatokea kwamba anaandika, ikapotea, ikatokea tena.

"Bado. Na wewe?"

"Mwambie tunapika," mama akasema. "Akituzoea ndio tutamuuliza polepole aliyekuwa kwa hicho kiti kabla yake ni nani, na alipelekwa wapi. Si leo. Leo apate tu wa kumjibu."