Pua na Mayai ya Mkunga

Shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu wa mwisho, hakuitwa Pua kwa sababu ya ukubwa wa pua yake. Ilikuwa pua ya kawaida, nyembamba kidogo, yenye doa la grisi upande wa kulia, mahali alipozoea kujikuna. Jina alilipata kwa desturi yake ya kazi. Ukimpelekea mashine iliyogoma, iwe jenereta, pampu ya maji au msumeno wa injini, hakushika spana kwanza. Alifungua mfuniko wa tangi, akainama, akafumba macho, akanusa.

Petroli iliyokaa miezi mingi aliitambua kwa harufu yake ya rangi kuukuu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa aliitambua kabla hujamaliza kumsalimia. Baada ya kunusa alichota kidogo kwa mpira mwembamba, akaitia katika chupa ya kioo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, akaiweka dirishani penye jua. Kisha alikaa. Wateja wenye haraka walimwona mvivu. Baada ya dakika kumi aliinyanyua chupa na kumwonyesha mwenye mashine: juu petroli ya manjano, chini maji meupe, na katikati yao mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

"Umeona?" alisema. "Injini yako haina ugonjwa wowote. Umeinywesha maji, nayo imekataa."

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba yao, ambacho zamani kilikuwa cha kufulia. Meza yake ya kazi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tundu la kitasa lilikuwa bado lipo; humo alichomeka bisibisi yake ndefu. Ukutani yalipangwa makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vipuri vilivyong'olewa katika injini zisizotengenezeka tena. Injini hizo aliziita marehemu. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, mimi, niliyefundishwa na masista kuandika herufi za kulala, ndiye niliyemwandikia vibandiko: "Marehemu pampu ya bustani ya hospitali. Jeti na floti." "Marehemu jenereta ya kinyozi. Plagi bado nzima."

Alikuwa na kanuni nyingine, ambayo mdogo wangu aliilalamikia hadi alipozeeka. Hakwenda kununua kipuri bila kile kibovu mfukoni. Alikifunga katika leso safi, akakitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Mgonjwa lazima aende mwenyewe," alisema. "Huwezi kwenda kumpimia mtu kiatu kwa maneno."

"Na leso zangu je?" mdogo wangu aliuliza. "Mume wangu, mimi nilidhani nimeolewa na fundi. Kumbe nimeolewa na shimo la grisi."

"Shimo lenye mapenzi, mke wangu."

"Mapenzi hayatoki kwa sabuni ya kipande, ninajua. Grisi nayo haitoki."

Nimeyaeleza haya ili msomaji aelewe ilikuwaje siku ile ya mayai ya Mkunga.

Mkunga alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mstaafu wa wodi ya wazazi. Watoto watatu wa Pua walipokewa kwa mikono yake, na yule wa kati alizaliwa amejiviringisha kitovu shingoni. Bila Mkunga asingelia. Alipostaafu alinunua mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, akaliweka katika chumba chake cha mbele. Tulimtania kwamba ameshindwa kuacha kazi. Mwaka ule kwa mara ya kwanza alikuwa amelijaza: mayai mia mbili na arobaini, yaliyokusanywa kutoka kwa majirani, na kila yai limeandikwa kwa penseli herufi ya nyumba lilikotoka. Yalikuwa katika siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili tu vifaranga vianze kutoboa.

Asubuhi hiyo transfoma ya mtaa iliungua kwa kishindo. Wahusika wakasema umeme ungerudi kesho au kesho kutwa. Mkunga akaivuta jenereta yake ndogo, ikakohoa mara nne, ikazima. Akaja kwetu amevaa khanga moja begani na kandambili za rangi mbili tofauti, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwake.

"Baba wee, njoo," alimwambia Pua. "Joto lilikuwa thelathini na saba na nusu. Sasa ni thelathini na sita. Wanangu wanapoa."

Tulimfuata kwake, Pua akanusa tangi, akatikisa kichwa. Chupa ikawekwa dirishani, na haukupita muda tukauona ule mstari. Maji. Alimwaga tangi lote, akafungua kabureta, akapuliza vijitundu vyake kwa mdomo, akalikausha tangi kwa kitambaa mpaka ndani. Alipokuwa akirudisha aliona tatizo la pili: ile sindano ndogo inayofunga petroli ndani ya kabureta kikombe kinapojaa ilikuwa imelika nchani, na petroli ilidondoka chini tone baada ya tone.

"Hii ikibaki hivi itawaka moto humu ndani," alisema. "Lazima nitafute nyingine." Akafunga koki ya tangi, akamimina petroli safi, aliyokuja nayo mwenyewe, tangi likajaa. Kisha akamgeukia Mkunga kwa ukali ambao baadaye aliujutia. "Maji haya yameingilia juu, Dada. Mvua ya juzi. Wewe mtu wa hospitali, mtu wa usafi! Tangi halifungwi hivi. Lizibe vizuri, kisipite kitu."

"Nimesikia, fundi," alijibu Mkunga kwa unyenyekevu, akaanza kulifunika sanduku la mayai kwa mablanketi.

Tulikwenda mjini kwa baiskeli yake, mimi nikiwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo, mtu mzima na miwani yangu. Sindano mbovu ilikuwa katika leso. Duka la kwanza halikuwa nayo. Katika la pili muuzaji alitoa mpya inayong'aa.

"Hii inaingia zote, Mzee."

Pua aliziweka mbili sambamba juu ya kioo cha kaunta, akainama mpaka pua ikagusa. Ile mpya ilizidi kwa unene wa ukucha.

"Inaingia," alikubali, "lakini haitafunga. Hata mimi ninaingia katika koti la shemeji yangu huyu. Umeniona nikifunga kifungo?"

Muuzaji alicheka, nami nikalivuta koti langu likae vizuri. Tulikwenda kwa mama wa chuma chakavu, aliyekuwa amekaa juu ya mzani wake mwenyewe akila karanga. Pua alimwonyesha sindano. Yule mama akanyoosha kidole kuelekea rundo la pembeni. "Kuna jenereta moja imelala pale chini ya fremu za baiskeli. Ukoo mmoja na hiyo yako. Ukiitoa bila kuniangushia rundo, sindano ni yako."

Ilituchukua nusu saa na ngozi ya vidole viwili vyangu. Lakini sindano ilitoka nzima, na Pua aliilaza sambamba na ile mbovu, akaridhika.

Tuliporudi joto lilikuwa thelathini na nne. Mkunga aliinua kona ya blanketi, akanionyesha kipimajoto, akanipa kazi ya kukisoma kwa sauti kila robo saa. Pua aliweka sindano, akafunga kabureta, akashika kamba.

"Vuta, baba!" alisema Mkunga, sauti ya wodini ikamrudia yenyewe. "Vuta, usikate pumzi! Kidogo tu, karibu!"

Injini ikanguruma. Taa ya sanduku ikawaka. Tukapeana mikono. Nikasoma thelathini na tano, Mkunga akasema asante Mungu, na hapo hapo mngurumo ukalegea, ukapwaya, ukanyamaza.

Ilikuwa imedumu robo saa. Pua alifungua kabureta na kukuta kikombe karibu kikavu. Akachomoa mpira wa petroli. Ikatoka kidogo, ikakoma. Akasafisha chujio la koki, ingawa lilikuwa safi. Akarudisha kila kitu, akavuta, ikawaka vizuri kama mpya. Robo saa nyingine, ikazima. Akailaumu sindano aliyotoka nayo kwa mama wa chuma, akaitoa, akaipima upya, akaona haina kosa. Akabadilisha plagi. Ikawaka, na robo saa haikupita ikazima.

"Thelathini na tatu," nilisoma.

Sijawahi kumwona vile. Kwa kawaida mikono yake ilikuwa na subira kuliko mikono ya mtu yeyote niliyemjua. Sasa spana ilimponyoka mara mbili. Mkunga aliegemea sanduku. Alikuwa amelivua sweta lake, amelizungushia sanduku, na mikono yake miwili imelala juu ya mbao kama alivyozoea kuiweka juu ya tumbo la mzazi.

"Dada," alisema Pua kwa sauti ndogo, "mikono hiyo ilinipokelea wanangu. Leo mimi ninashindwa kukupokelea wako."

"Hujashindwa. Umechoka. Mzazi akichoka tunampumzisha, halafu tunaanza tena mwanzo."

Pua alimtazama. "Mwanzo," alirudia.

Akaiweka spana chini. Nilielewa kabla hajainuka, nikashangaa kwamba sisi sote hatukuliona. Tangu turudi mjini hakuwa amenusa. Petroli ile aliimimina mwenyewe, asubuhi ile ile, na mtu hanusi chakula alichopika mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya jenereta, akaushika mfuniko wa tangi, akauzungusha.

Tangi likavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilitoa mluzi mrefu wa kuingia hewa, kama mtoto anayejiandaa kulia, na chini ya mfuniko tukaona kitu cheupe kimezama ndani kwa vidole vitano vilivyopinda.

Ilikuwa glavu ya wodini. Mkunga alikuwa ameikunjua juu ya mdomo wa tangi, ameivuta ikakaza kisawasawa, kisha akaukazia mfuniko juu yake.

"Si ulisema nizibe kisipite kitu?" alisema. "Nikaziba. Hiyo haipitishi hata damu."

Pua aliugeuza mfuniko, akatuonyesha katikati yake kitundu kidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Petroli inaposhuka, alieleza, lazima hewa iingie mahali pake kwa kitundu hicho. Ukikiziba, petroli inashuka kidogo, kisha inashikwa na utupu ulio juu yake na haishuki tena. Ukisimama kuhangaika na kabureta, hewa inapenya polepole pembeni, na unapovuta kamba inawaka tena kukudanganya.

Nilidhani atamlaumu. Fundi mwingine angemlaumu, na angekuwa na shahidi mwenye vidole vitano. Pua aliichomoa glavu, akaikamua petroli, akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni.

"Dada, kosa ni langu. Nilikupa nusu ya neno. Ningekuambia ziba maji, lakini acha lipumue, tungekuwa tumekwisha kunywa chai."

"Na mimi nilijiuliza," alisema Mkunga, akicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya khanga, "mbona huyu fundi leo ananisomea kanuni za usafi bila kuniambia mgonjwa anavuta hewa wapi!"

Pua alikizibua kitundu kwa uzi wa waya, akafunga mfuniko bila glavu, akavuta kamba mara moja. Ikanguruma robo saa. Ikanguruma nusu saa. Nilisoma thelathini na tano, thelathini na sita, na adhuhuri ilipopita nikasoma thelathini na saba na nusu kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tano aliisikia. Petroli ilipopungua Pua aliongeza mwenyewe, na kila alipoongeza alinusa kwanza, mbele yetu sote, bila aibu.

Siku ya ishirini na moja, umeme ukiwa umekwisha rudi, alikuja kwa Mkunga kabla ya kwenda karakanani. Nilikuwapo. Hakutazama kioo. Alilaza sikio juu ya ubao wa sanduku, akafumba macho kama anavyofumba juu ya tangi, akatuashiria tunyamaze. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainua kidole kimoja. Kisha cha pili.

"Wanagonga," alisema.

Mia moja na sabini na wanane walitoka hai. Mkunga aliyalilia mayai yale yasiyotobolewa, kwa maana hakuwahi kuzoea, kisha akawagawia majirani vifaranga vyao kwa herufi za penseli. Pua hakuwa na yai hata moja mle ndani, lakini alipewa jogoo mmoja, ambaye mdogo wangu alimpa jina la Glavu.

Glavu yenyewe ilitundikwa katika karakana, msumari mmoja juu ya makopo ya marehemu, na siku moja Pua akaniletea kalamu na kibandiko. Nilimuuliza niandike nini. Alifikiri, akajikuna upande wa kulia wa pua.

"Andika jina langu," alisema.

Tangu siku hiyo hakumkabidhi mtu mashine bila kumshikisha mfuniko wa tangi na kumwonyesha kile kitundu, hata kama mtu ana haraka, hata kama amekwisha kuonyeshwa mara tatu. Na yeye mwenyewe, akirudi kutoka kutafuta kipuri, hata kama ameiacha mashine kwa dakika tano tu, aliinama kwanza, akafungua, akanusa.